Seva ya baruapepe nyumbani: Jina ni lako, mzigo pia ni wako

MCHONGAJI wa mawe ya sabuni huko Tabaka, Kaunti ya Kisii, anayeuza vinyago ng'ambo anajua kwamba barua ya mnunuzi ikipotea, oda nayo hupotea. Ndiposa anwani ya baruapepe si jambo la kupuuzwa.

Nchini Kenya, majina ya mtandaoni yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC. Kampuni hutumia .co.ke, huku .me.ke ikitengewa watu binafsi. Mwenye jina lake, yaani kikoa, anaweza kuhama kampuni ya huduma bila kubadilisha anwani.

Swali ni je, seva ya kupokea na kutuma barua hizo inaweza kukaa sebuleni mjini Keroka, katika mpaka wa Kisii na Nyamira?

Wengi huhofia umeme kupotea. Hata hivyo, hilo si tatizo kubwa. Utaratibu wa SMTP, uliochapishwa mwaka wa 1982, humtaka mtumaji awe na subira. Seva yake ikikuta mlango umefungwa, hurudi tena na tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Giza la usiku mmoja halipotezi barua.

Kikwazo cha kwanza ni laini ya intaneti. Laini nyingi za nyumbani na za simu huwaweka wateja kadhaa chini ya nambari moja ya mtandao, hivyo seva iliyo ndani haifikiki kutoka nje. Aidha, kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango nambari 25 unaotumiwa kupitisha baruapepe, ili kuzuia barua taka.

Kikwazo cha pili ni kuaminiwa. Jinsi ofisi inavyodai muhuri wa chifu, ndivyo seva kubwa zinavyodai vithibitisho. SPF hutaja seva zenye idhini ya kutuma kwa jina hilo. DKIM hutia kila barua sahihi ya kidijitali. Nayo DMARC hueleza la kufanyia barua isiyothibitika. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo humtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe na zote tatu.

Ubaya ni kwamba kosa halipigi kelele. Barua huishia kwenye kapu la taka, naye mtumaji husubiri jibu lisilokuja.

Kwa walio wengi, njia ya kati inafaa: kumiliki jina, kisha kukodi seva ndogo yenye nambari yake ya kudumu, au kulipia huduma ya baruapepe.

Lakini ada ya jina isisahaulike. Likiachwa, mtu mwingine anaweza kulisajili, akapokea barua zote na kuzitumia kubadilisha nenosiri za akaunti za mwenyewe. Seva ikiharibika hutengenezwa. Jina likishachukuliwa, huenda lisirudi.