Bima ya afya Zambia: Kwa nini mzee hulipiwa dawa lakini si makao?

Mzee wa Kabuta, kando ya Ziwa Mweru katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, anaweza kutibiwa kwa bima ya afya ya taifa bila kutoa mchango. Hata hivyo, akishindwa kujipikia au kuoga peke yake, bima hiyo haimlipii mtu wa kumhudumia.

Sheria ya bima hiyo ya mwaka 2018 inamtaka mwajiriwa wa sekta rasmi achangie asilimia 1 ya mshahara wake wa msingi, na mwajiri asilimia 1. Waliofikisha miaka 65 wamesamehewa mchango, lakini sharti wasajiliwe ndipo wahudumiwe.

Mfuko hugharimia tiba: kumwona daktari, vipimo, dawa, upasuaji na kulazwa, katika vituo ulivyoingia navyo mkataba. Kuishi katika makao ya wazee hakumo. Makao yenyewe ni machache na yako mbali: ya Maramba yako Livingstone, ya Mitanda yako Ndola.

Hali hii haiko Zambia pekee. Nchini Marekani, bima ya wazee ya Medicare hailipii gharama za kuishi katika makao ya uangalizi. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo mwaka 1995, ikitenganishwa na ile ya matibabu.

Kwa familia za Kabuta, basi, yapo mambo mawili ya kupanga: kumsajili mzee kabla hajaugua, na kukubaliana nani atamtunza nyumbani, na kwa fedha zipi. Kadi ya bima hutatua la kwanza tu.