Herufi nne, maneno manne: namna programu za telefone zinavyotafuta maneno

Chukua herufi nne: A, I, L na M. Ukizipanga unapata "lima". Ukizigeuza inatoka "mali". Zigeuze tena, utapata "mila", kisha "imla", lile zoezi ambalo katika masomo ya Masisi na Walikale linajulikana zaidi kama dikte.

Herufi nne ni rahisi. Lakini katika mchezo wa Scrabble mchezaji anashika saba. Herufi saba tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 5.040! Ndiyo sababu wengine wanafungua telefone na kuuliza programu. Je, programu hiyo inafanya kazi namna gani?

Programu haijui lugha. Iko na orodha ya maneno tu. Kila neno, inapanga herufi zake kufuata alfabeti. "Lima" inakuwa AILM. "Mali", "mila" na "imla" pia zinakuwa AILM, basi zote zinawekwa pamoja. Ni kama mama muuzaji wa maharagi anayechagua rangi mbele ya kwenda sokoni: ukiomba nyekundu, anafungua mufuko mumoja tu. Ukiandika herufi zako, programu inazipanga vilevile, inafungua fungu hilo. Kisha inapunguza herufi, inatafuta maneno mafupi. Ndani ya "Masisi" itaona "sisi" na "misa". Ndani ya "Walikale" itaona "wali", "wale", "kali", "kila" na "lala".

Shida iko kwenye orodha. Neno lisiloandikwa humo, kwa programu haliko. Orodha nyingi ni za Kifaransa ao Kiingereza, na za Kiswahili mara nyingi zinafuata Kiswahili cha Tanzania. Mtoto akiandika "mutoto" ao "sombe", anaweza kujibiwa kwamba hakuna neno kama hilo, wakati nyumbani linasemwa kila siku. Tena Kiswahili kinaunganisha: kutoka "lima" tunapata "tunalima", "hawakulima", "watatulimia". Orodha fupi haiwezi kubeba yote.

Hata sanduku la Scrabble liko na shida hiyo. Mmarekani Alfred Butts, aliyetunga mchezo huo miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ili ajue ngapi zinahitajika. Sanduku la Kifaransa liko na vipande 102: E ni 15, lakini K ni moja, W moja, Y moja na Z moja. Ukitaka kuandika "kuku" ao "wewe", lazima utumie kipande kitupu. Na Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa katika Katiba ya 2006.

Dawa yake haiombi mega wala umeme. Kata kartoni, chukua biki. Hesabu herufi kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, kisha tengeneza vipande kufuata hesabu hiyo: A nyingi, na K na W za kutosha. Kwa familia zilizokimbia vita na watoto waliokatiwa masomo, vipande hivyo vinaingia katika mufuko mudogo, na kusoma kunaendelea.

Na programu? Isifunguliwe mwanzo. Watoto watafute kwanza kwa kichwa, dakika tano hivi, halafu telefone ihakikishe. Na anayeleta neno aeleze maana yake. Akishindwa, hapati pointi. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuongea Kifaransa. Alikuwa ameshika orodha ya maneno kichwani. Kwa bingwa, hiyo inatosha. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, neno bila maana bado ni herufi tu.