Kipeperushi Kinapopanda Mlima

Julai 1955, huko Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru, wananchi walikabiliana na serikali ya kikoloni. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Chanzo kilikuwa matuta. Mradi wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioanza mwanzoni mwa muongo ule, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isiuchukue udongo. Hoja ilikuwa ya kweli, kwani udongo ulikuwa ukiishia mtoni. Watu wakakataa.

Wapo wanaosema ilikuwa siasa tu, na siasa zilikuwapo: chama cha TANU kilikuwa kimetimiza mwaka mmoja mwezi huohuo. Lakini mkulima wa Matombo alikuwa pia na sababu za shambani. Udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta pana, udongo wa chini usio na rutuba unakuja juu na mazao yanadumaa. Mahindi na mpunga wa mlimani havikulipa jasho hilo. Kule Mgeta, upande wa magharibi, mambo yalikuwa tofauti. Wakulima walikuwa na ngazi zao za asili, na mboga za kupeleka sokoni, zilizomwagiliwa kwa mifereji, zililifanya tuta liwe na faida. Agizo lilikuwa moja, ila aliyelitoa hakuuliza anamwambia nani.

Kosa hilo bado tunalifanya kwa kalamu. Morogoro, mji ulio chini ya milima hiyo na wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu 1984, haukosi vipeperushi vya ugani. Vingi vina taarifa sahihi. Tatizo ni kwamba vimeandikwa kwa ajili ya bosi atakayevipitisha, au mfadhili atakayevihesabu, na mkulima anakumbukwa mwishoni, kwenye picha ya jalada.

Chukua sentensi hii: weka kilo 50 za mbolea ya kupandia kwa ekari. Mlimani, mtu ana vipande vitatu vya mteremko, kimoja cha ukoo wa mama yake, kingine cha kuazima, na hakuna kilichowahi kupimwa. Ekari ataitoa wapi? Mabwana shamba wazoefu husema kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Kizibo hubeba takriban gramu 5. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo yapata 9,000, yaani kilo 45 za mbolea. Hesabu karibu ni ileile, ila sasa mwenye robo ekari naye anaweza kuitumia. Wataalamu wengine huona kizibo kinashusha hadhi ya maandishi yao. Mimi naona ndicho kipimo pekee ambacho msomaji tayari anacho nyumbani.

Shauri la kupanda miti ni gumu zaidi. Kwa Waluguru, ardhi ya ukoo hurithiwa kupitia upande wa mama, na aliyeazimwa shamba akipanda mti wa kudumu huonekana anataka kulimiliki. Kipeperushi kinachosema “panda miti shambani mwako” kinaweza kumgombanisha msomaji na wajomba wa mwenye shamba. Afadhali kianze na nani wa kuombwa ruhusa, au kitaje kwanza mazao ya msimu yanayofunika udongo.

Vivyo hivyo na “tunza vyanzo vya maji.” Mto Ruvu unatoka Uluguru na unainywesha Dar es Salaam, kwa hiyo maneno hayo yanamgusa mkazi wa Kinondoni anayesubiri bomba litoe maji. Mkulima wa Kinole anataka kujua kama mfereji wake utakuwa na maji Oktoba, na kipande atakachoacha kulima kandokando ya kijito kitafidiwa na nini.

Namna ya kulijaribu andiko kabla ya kulichapa ni nyepesi, na haina haja ya dodoso. Usimuulize mtu kama ameelewa, maana kwa adabu atakujibu ndiyo. Mpe karatasi, mbolea na jembe, kisha kaa pembeni umtazame. Pale mkono unaposita pana sentensi ya kuandika upya. Na mara nyingi msomaji mwenyewe ni mtoto wa shule anayemsomea bibi kwa sauti, kwa hiyo namba tatu zisirundikane kwenye sentensi moja, na siku za kusubiri kati ya kupulizia dawa na kuvuna kabichi ziandikwe juu kabisa, kabla bibi hajainuka kwenda kuinjika chungu.