Mali bila daftari: hesabu ya gari kuukuu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Laiti wangaliishi hadi zama zetu, nadhani wangaliongeza kuwa hata kikuukuu huwa kinyemi, mradi kimepakwa rangi na kung'arishwa magurudumu. Hivyo ndivyo yalivyo magari yaliyopangwa safu safu kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, na katika viwanja vya wauzaji kule Mombasa, Nakuru na Eldoret. Miongoni mwa wanaosimama pale wakiyakodolea macho ni walimu wenzangu, wenye hati za mshahara mifukoni na matumaini makubwa nyoyoni.

Sina nia ya kumcheka mtu. Gari si anasa kwa mwalimu anayeamka alfajiri kwenda shule isiyofikiwa na matatu, wala kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa usiku wa manane. Ninalopinga ni jinsi tunavyolinunua. Swali la kwanza tunalouliza ni moja tu: "Bei gani?" Nashikilia kuwa swali hilo ni dogo mno. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: gari hili litanigharimu kiasi gani tangu leo hadi siku nitakapoachana nalo?

Kwanza tuelewe tunachokinunua. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari mengi yanayoingia nchini ni yale yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kanuni za ubora haziruhusu kuingizwa nchini gari la kawaida lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na usukani wake sharti uwe upande wa kulia. Maana yake ni kwamba gari tunaloliita "jipya" huenda limekwisha kutumika miaka 7 ugenini. Iwapo mwenye kulileta naye atalitumia miaka 6 kabla ya kukuuzia, wewe utakuwa unanunua chombo cha miaka 13. Si vibaya, ila ujue umri wa unachokioa.

Pili, tuutazame mfuko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote ya mfanyakazi kupita theluthi mbili za mshahara wake. Wengi wetu huichukua kinga hiyo kama kibali: tunakopa katika chama cha ushirika hadi tunaugusa mpaka wenyewe, na mkopo wote tunamkabidhi muuzaji. Theluthi inayobaki ndiyo itakayonunua unga, italipa karo na kodi ya nyumba. Je, petroli itatoka wapi? Ndiyo maana katika vijiji vyetu utaona gari zuri limesimama juu ya mawe, kuku wanataga ndani yake, ilhali mwenyewe angali akikatwa mshahara kila mwisho wa mwezi.

Naomba sasa tuchukue chaki na ubao. Mwalimu anasafiri kilomita 40 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 880. Tukadirie kuwa lita moja ya petroli ni shilingi 180. Gari dogo linalokwenda kilomita 16 kwa lita litatumia lita 55, yaani shilingi 9,900. Gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia lita 110, yaani shilingi 19,800. Tofauti ni shilingi 9,900 kila mwezi. Hata tukiondoa miezi 3 ya likizo, kwa miezi 9 tofauti hiyo ni shilingi 89,100 kwa mwaka. Magari hayo mawili yangeweza kuuzwa kwa bei moja, siku moja, katika uwanja mmoja. Tena tusisahau kuwa katika kila lita mna kodi. Ada ya kutengeneza barabara pekee ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mnamo Julai 2024.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti, nayo ni uchakavu. Tuseme umenunua gari kwa shilingi 800,000, na baada ya miaka 5 ukaliuza kwa shilingi 500,000. Umepoteza shilingi 300,000, ambazo ni 60,000 kwa mwaka, au 5,000 kila mwezi, hata kama gari halikutoka nje ya lango. Ongeza bima, magurudumu na ujira wa fundi, ndipo utakapoujua mshahara ambao gari lako hulipwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wahenga hao hao walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika jambo hili naomba ruhusa ya kutofautiana nao, kwa sababu jembe halinywi petroli. Mchagua gari na alichague kwa safari zake, si kwa macho ya majirani. Toyota Probox, iliyoanza kuundwa mwaka 2002, huchekwa na wapenda urembo, lakini ilibuniwa kuwa gari la kazi na la kubeba mizigo, na ndiyo sababu inaonekana katika barabara za mashambani kote nchini. Kabla yake Peugeot 504 ilipata heshima kama hiyo katika safari ndefu baina ya miji yetu. Siri yao ni moja: vipuri hupatikana na mafundi wanazifahamu. Gari la fahari ambalo fundi wake yuko Nairobi peke yake ni mzigo kwa mwalimu wa Lodwar au Garsen.

Ukishachagua aina, likague lenyewe. Mlipe fundi unayemwamini wewe, si yule anayeletwa na muuzaji. Liwashwe injini ikiwa baridi, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kikohozi chake. Tazama rangi ya moshi: wa buluu ni dalili kuwa injini inaunguza oili. Usiziamini mno kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, kwani hurudishwa nyuma na watu wasio na haya. Afadhali uangalie jinsi usukani, kiti cha dereva na kikanyagio cha breki vilivyolika. Ubavuni mwa kila gurudumu mna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea.

Kisha yaje makaratasi. Nambari ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ile iliyo katika hati ya usajili. Hakikisha pia kuwa gari halikuwekwa rehani kwa mkopeshaji. Sheria ya Trafiki humhesabu mtu ambaye jina lake limo katika usajili kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo, na inakataza gari lililobadilisha mikono kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Ewe unayeuza, usimpe mtu ufunguo ukaenda zako huku jina lako limebaki nyuma. Likigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Baada ya kununua huja kutunza, na hapa ndipo wengi huteleza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ya injini ikikawia kubadilishwa huwa nzito na chafu, vyuma vikasagana. Radieta ikijazwa maji matupu badala ya dawa yake huota kutu kwa ndani. Breki zikianza kulia, zinalilia pedi tu. Zikipuuzwa, pedi zitakwisha na chuma kitakula sahani. Wanaoishi pwani wana adui mwingine, ile hewa ya chumvi inayokula mabati kutoka chini. Weka tarehe na kilomita za kila tengenezo katika daftari. Siku ya kuuza, daftari hilo litasema zaidi ya maneno yako yote.

Sasa niwageukie vijana, hasa wanafunzi wa vyuo na walimu waliotoka vyuoni juzi, ambao nyoyo zao zimetekwa na magari ya kasi. Nayaona mengi ya aina ya Subaru Impreza yenye turbo, mabomba ya moshi yamekatwa ili yangurume. Siwalaumu kwa kupenda. Hilo ni gari lenye sifa za kweli katika mashindano. Lakini tuelewe linavyofanya kazi. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani ya injini hiyo, na inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Miongoni mwa vinavyoikinga isiungue ni oili. Katika Impreza nyingi za miaka ya 1990 na 2000, upo pia mkanda wa mpira unaoongoza vali zifunguke kwa zamu yake, na hubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana na injini hufa papo hapo. Mwenye kununua gari kama hilo likiwa na miaka 15, bila kujua mkanda ulibadilishwa lini, amenunua bahati nasibu. Ama kuhusu zile kelele, debe tupu haliachi kuvuma.

Historia yetu yenyewe inatufunza. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mbio za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa mashindanoni. Gari kuukuu liliyashinda magari mapya! Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alizijua nati za gari lake kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake kwa majina. Kasi yake ilitangulizwa na kazi ya gereji, na aliionyesha mashindanoni, si katikati ya soko ambako sheria imeweka mpaka wa kilomita 50 kwa saa. Kijana anayeweza kulipia turbo lakini hawezi kulipia magurudumu mema na breki nzima hahatarishi mfuko wake tu. Anayahatarisha maisha ya mtoto anayevuka barabara akienda shule.

Hatimaye huja siku ya kuagana. Wapo wanaoliacha gari mapema mno kwa sababu jirani ameleta jingine, na wapo wanaoling'ang'ania hadi linawafilisi. Daftari ndilo litakaloamua. Jumlisha gharama za matengenezo ya mwaka mzima, kisha uzilinganishe na yale utakayolipa kwa mwaka ukichukua jingine: mkopo na riba yake, bima na uchakavu. Maadamu gharama za matengenezo ni ndogo, litengeneze na uendelee nalo. Zikikaribia au kupita, liage. Likiwa limeoza chasisi au breki zake haziaminiki tena, usingoje hesabu. Na unapoliuza, mwambie mnunuzi ukweli kuhusu maradhi yake, kwa maana naye ana watoto watakaolipanda.

Nawasihi walimu wa hisabati walilete gari darasani. Wanafunzi wetu hukokotoa mwendo wa treni zisizokuwapo na mabirika yanayovuja, kisha wanamaliza shule bila kujua riba ya mkopo, uchakavu wa mali wala kilomita kwa lita. Mwanafunzi wa sekondari anayeweza kuzipiga hesabu nilizoziandika hapa anaweza kumwokoa mzazi wake na mkopo wa miaka 5. Naye mwalimu anayezifundisha, kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, na azipige mwenyewe kwanza, kwa kalamu yake na kwa mshahara wake.