Maji Yagandayo Bila Kuwa Barafu

Akina mama wenye friji wanalijua jambo hili: nyanya iliyolala katika barafu usiku kucha hutoka ngumu kama jiwe, lakini ikiisha kuyeyuka hulegea na kuchuruzika, wala haifai tena kwa kachumbari. Maji yaliyomo ndani yake, yanapoganda polepole, hufanya fuwele za barafu zenye ncha, nazo hupasua seli zilizoijenga nyanya hiyo.

Kisa hicho cha jikoni kiliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi. Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa na Ernst Ruska na Max Knoll mjini Berlin mwaka 1931, huona vitu vidogo mno kuliko hadubini ya mwanga. Lakini hufanya kazi mahali pasipo na hewa, na humo maji hugeuka mvuke upesi. Hivyo seli ilibidi ikaushwe na kutiwa dawa za metali nzito kabla ya kutazamwa. Ni sawa na kutaka kuijua sura ya askari kwa kutazama sare yake iliyoanikwa kambani!

Aliyefumbua fumbo hilo ni Jacques Dubochet, mzaliwa wa Uswisi, akiwa Heidelberg, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye na wenzake waliyagandisha maji kwa kasi kubwa hata yakakosa nafasi ya kujipanga kuwa barafu, yakabaki kama kioo. Nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, peke yake haikutosha. Kitu kikitumbukizwa humo, nitrojeni huchemka na kukizungushia gesi, kama tone la maji linavyochezacheza juu ya kikaango cha moto bila kukigusa. Basi nitrojeni ilitumiwa kuipoza ethani, na sampuli ikatumbukizwa katika ethani hiyo isiyochemka upesi. Mwaka 1984 walitoa picha za virusi vikiwa ndani ya maji yao, bila rangi yoyote. Mwaka 2017 Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia.

Tishu nene hazikubali njia hiyo, kwa maana baridi haifiki ndani kwa wakati. Hizo hugandishwa chini ya kani ipatayo mara 2,000 ya ile ya hewa tuivutayo. Kisha hukatwa kwa kisu cha almasi, au huchongwa kwa mwale wa ioni mpaka kibaki kipande chembamba ambacho unywele wa kichwani hukipita unene mara mia kadhaa. Kipande hicho huinamishwa huku na huku, kikapigwa picha nyingi, na kompyuta huziunganisha. Elektroni nazo huunguza, kwa hiyo hutolewa kwa ubahili, na kila picha huwa hafifu.

Kwa njia hiyo, mwaka 2020, watafiti wa Leiden, Uholanzi, na wenzao walichungulia seli zilizoambukizwa kirusi cha jamii ya korona kinachoshambulia panya. Humo kirusi hujificha katika vifuko vya utando maradufu ili kunakili maagizo yake ya kujizalisha. Kwa muda mrefu haikujulikana nakala hizo hutokaje, maana vifuko vilionekana vimefungwa pande zote. Katika seli zilizogandishwa vikaonekana vitundu vidogo vinavyopenya tando zote mbili. Huenda ndiyo milango yenyewe, na watafiti hao wakasema kwamba vyaweza kuwa shabaha ya dawa.