Dawa ya mwani ni mwani: Wavu wa kusafisha maji ya samaki unaoweza kujitengenezea nyumbani

WAHENGA walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Msemo huu hutumiwa sana katika ugomvi wa majirani na katika siasa, lakini ni wachache wanaojua kwamba unamfaa pia mtu anayefuga samaki wa mapambo ndani ya tangi la kioo sebuleni mwake, awe anaishi Meru mjini, Nkubu, Runyenjes au Embu.

Mambo huwa hivi. Tangi linanunuliwa, linajazwa maji, na samaki wanatiwa ndani. Watoto hawabanduki mbele ya kioo. Lakini wiki chache baadaye utando wa kijani unaoteleza unaanza kufunika kioo na mawe, maji yanageuka rangi, na asubuhi moja samaki anapatikana akielea tumbo likiwa juu. Baba anamlaumu aliyemuuzia samaki. Mama anawalaumu watoto kwa kutupa mkate majini. Jirani naye ananong'ona kwamba nyumba hiyo ina mkosi.

Mkosi haupo. Kilichoko ni uchafu wa samaki wenyewe, na utando ule wa kijani, ambao ni aina ya mwani, umekuja kuula.

Maji yaliyotiwa mbolea

Mkulima yeyote wa kahawa au majani chai katika sehemu hizi anaijua mbolea ya DAP na ile ya CAN. Ya kwanza ina fosfati na amonia, ya pili ina amonia na nitrati. Basi vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyojilimbikiza ndani ya tangi la samaki, ingawa hakuna aliyevinunua dukani.

Samaki anapokula, mwili wake hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye mashavu yake. Chakula kinachobaki bila kuliwa nacho huoza na kuongeza amonia. Amonia ni sumu kali kwa samaki, hata ikiwa kidogo. Kwa bahati njema, kuna bakteria wanaokaa kwenye mawe na mchanga ambao huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu kuwa nitrati, ambayo si kali sana. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kabla ya kuongezeka na kutosha, na hii ndiyo sababu samaki wengi hufa katika mwezi wa kwanza wa tangi jipya.

Nitrati na fosfati hubaki majini. Mito ingezisomba, lakini tangi halina mto. Kwa hivyo maji yanakuwa kama shamba lililotiwa mbolea likaachwa bila kupandwa kitu. Magugu yataota, upende usipende, na magugu ya majini ni mwani.

Dawa ambayo wengi huijua ni kumwaga sehemu ya maji kila wiki na kutia mengine. Dawa hiyo ni nzuri, na haifai kuachwa kabisa. Hata hivyo, wakati wa kiangazi, mfereji unapokauka na maji kununuliwa kwa mtungi, ni familia chache zitakazokubali kumwaga ndoo mbili tatu kwa ajili ya samaki.

Anayefuga samaki wa baharini ana kazi kubwa zaidi. Kutoka Embu hadi Mombasa kwa barabara ya kupitia Nairobi ni mwendo wa karibu kilomita 600, kwa hivyo hawezi kuteka maji ya bahari kila Jumamosi. Itambidi achanganye maji safi na chumvi maalumu ya matangi, takriban gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa haina madini mengine ya baharini kama vile magnesi na kalsiamu kwa kipimo kinachotakikana. Akibadilisha lita 40 kila wiki katika tangi la lita 200, atakuwa anamwaga karibu kilo moja na nusu ya chumvi hiyo. Ni gharama inayowafanya wengi kukata tamaa.

Somo kutoka kwa miamba

Mtu aliyetafuta njia nyingine ni mtaalamu Mmarekani Walter Adey, wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Alichunguza miamba ya matumbawe, akaona kwamba pale mawimbi yanapopiga na jua linapowaka, mwamba huota zulia fupi la mwani. Zulia hilo hunyonya uchafu wa maji kwa kasi kubwa, na samaki wanapolila, huota tena.

Adey akaunda chombo kinachoiga mwamba: wavu ulionyooshwa, maji yakipita juu yake na taa kali ikiumulika. Alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1982. Tangu hapo, wafugaji wa samaki katika nchi nyingi wamerahisisha chombo hicho mpaka kikawa kitu cha kutengenezwa nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

Siri yake ni nyepesi. Ikiwa mwani lazima uote, basi upewe mahali pake penye mwanga mwingi, maji mengi na hewa nyingi kuliko ndani ya tangi. Utaota pale kwa wingi, utakula nitrati na fosfati, na ule wa kwenye kioo utakosa chakula. Kila wiki unauvuna na kuutupa, na uchafu unaondoka nao. Njia hii hufanya kazi katika maji ya chumvi na hata katika maji baridi ya kawaida.

Jinsi ya kuutengeneza

Tuchukue mfano wa tangi la lita 200. Vifaa ni hivi: wavu mgumu wa plastiki wenye matundu madogo, kama ule unaotumiwa kudarizia kwa nyuzi za sufu, paipu ya plastiki ya maji na kifuniko chake, pampu ndogo ya kuzama majini, kasha la plastiki linaloonyesha ndani, na taa mbili.

Kwanza, kata wavu uwe sentimita 20 kwa 20, na uongeze kidogo upande wa juu utakaoingia katika paipu. Kipimo cha kukumbuka ni kama sentimita mraba mbili kwa kila lita ya maji, ikiwa wavu utamulikwa pande zote mbili. Ukimulika upande mmoja tu, ongeza ukubwa mara mbili.

Pili, ukwaruze wavu pande zote kwa meno ya msumeno mpaka uwe na miiba miiba. Mwani haushiki kwenye plastiki laini. Usitumie wavu wa kuku wala waya wowote wa chuma, kwani zinki na shaba ni sumu kwa viumbe wa majini.

Tatu, chukua paipu yenye urefu wa zaidi ya sentimita 20, uipasue mstari mmoja wa upana wa milimita tatu hivi. Fundi yeyote wa jua kali atakufanyia kwa dakika chache. Ingiza ukingo wa wavu katika mpasuko huo, uufunge kwa kamba za plastiki za kubana, na uzibe ncha moja ya paipu kwa kifuniko. Maji yakiingia kwa ncha ya pili, yatashuka kama pazia pande zote mbili za wavu.

Nne, ning'iniza wavu ndani ya kasha, na kasha hilo liwekwe kwenye rafu imara juu ya tangi. Toboa tundu chini ya kasha na uunge paipu ya kurudisha maji tangini. Paipu hii iwe pana kuliko ile inayoleta maji, la sivyo kasha litafurika.

Tano, pampu iwe na uwezo wa kupandisha takriban lita 1,000 kwa saa mpaka kwenye wavu, yaani lita 50 kwa kila sentimita ya upana. Pampu hupungukiwa nguvu kadiri inavyopandisha maji juu, kwa hivyo nunua yenye uwezo zaidi kidogo.

Sita, weka taa nje ya kasha, moja kila upande, karibu na wavu. Balbu ya kubana matumizi ya wati 23 yenye mwanga wa rangi ya manjano, au taa ya LED nyekundu ya kukuzia mimea, inatosha. Ziwashwe saa 12 hadi 18 kwa siku. Ni vyema ziwake usiku wakati taa ya tangi imezimwa, kwa sababu mwani unaomulikwa hutoa oksijeni, na usiku ndipo oksijeni hupungua.

Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, na mchana wetu una saa 12 mwaka mzima. Anayetaka kupunguza gharama ya stima anaweza kuweka wavu karibu na dirisha, mradi maji yasipate joto kupita kiasi. Hata hivyo, katika mawingu na baridi ya Julai, taa itahitajika.

Tahadhari: stima na maji haviendani. Kila waya ulegee na kuning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yasifuate waya hadi ndani ya soketi. Zima swichi kabla ya kuingiza mkono majini, na watoto wasiguse.

Subira na mavuno

Usitarajie miujiza siku ya kwanza. Mwanzoni wavu hufunikwa na utelezi wa rangi ya kahawia. Baada ya wiki tatu au nne, nywele za kijani huanza kuonekana, na hapo wavu umeanza kazi.

Kila baada ya siku 7 hadi 14, zima pampu, toa wavu, uukwangue kwa kipande cha plastiki na kuusuuza kwa maji ya mfereji. Usiusugue mpaka ukawa mweupe, bali bakisha mizizi ili uote upya. Mwani wa maji baridi unaweza kutiwa kwenye mbolea ya mboji.

Maji ya tangi yakipungua kwa kukaushwa na hewa, mwenye samaki wa baharini aongeze maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai hewani. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaachwe katika chombo wazi siku nzima kwanza. Na stima ikipotea kwa saa nyingi, lowesha wavu kwa kikombe ili mwani usikauke.

Wenye vidimbwi wasikimbilie

Mwaka 2009, serikali ilipoanza kuchimba vidimbwi vya samaki katika maeneo mengi ya uwakilishi bungeni, familia nyingi za Meru na Embu ambazo kwa jadi hazikula samaki ziliingia katika ufugaji wa tilapia na kambare. Hao wasidhani kwamba ukijani wa kidimbwi ni adui wa kung'olewa. Tilapia hula mwani huo, na kidimbwi kisicho na ukijani hata kidogo kina njaa.

Lakini ukizidi ni hatari, kwa kuwa usiku mwani huo huo hutumia oksijeni, na alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji. Jaribio ni rahisi: zamisha mkono wima. Ukipotewa na kiganja kabla ya maji kufika kwenye kiwiko, kidimbwi kina mwani kupita kiasi. Punguza chakula na mbolea, na uingize maji mapya.

Kwa mwenye tangi la kioo, wavu huu si ruhusa ya kujaza samaki kama abiria wa matatu. Chakula kiwe kile kinachomalizwa kwa dakika chache, na samaki wawe wachache. Anayezingatia hayo atatumia maji machache na pesa kidogo, na watoto wake watawaona samaki wale wale wakikua mwaka baada ya mwaka.