Udongo Unaotoroka Kiwanjani, Nani Anaulipia?

Kwenye miinuko ya Goba, Kimara na Mbezi jijini Dar es Salaam, kiwanja kikishapata mnunuzi, anayetangulia kufika mara nyingi ni dereva wa kijiko. Kwa siku moja vichaka, nyasi na udongo wa juu vyote vimeondoka. Kisha mwenye nyumba anaanza kutafuta fedha za msingi, na huenda zikamchukua mwaka mzima. Masika inamkuta hapo hapo, mteremko ukiwa uchi, na vuli inakuja kumalizia.

Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linakadiria kuwa tope linalosombwa kutoka maeneo ya ujenzi ni mara 10 hadi 20 ya lile la mashambani, na mara 1,000 hadi 2,000 ya lile la msituni. Hesabu hizo ni za kwao, lakini yeyote aliyeona mitaro ya Kimara ilivyojaa mchanga baada ya mvua ya usiku mmoja hatabishana nazo sana.

Biashara ya kuuzuia udongo huo ipo, ila imekaa kinyume. Inaanza kuchangamka korongo likishafika kwenye uzio. Hapo ndipo vinapotafutwa viroba vya kujaza mchanga na matairi chakavu ya kupangwa ngazi kwa ngazi. Mwenye uwezo anaita fundi wa gabioni, yale masanduku ya nyavu za waya yanayojazwa mawe, au anajenga ukuta wa mawe. Waya, mawe, lori na vibarua vyote vina bei, na mawe ya kujaza ukuta mrefu si mzigo wa safari moja.

Kinga iliyokuwa rahisi inauzwa kando ya barabara, kwenye vitalu vya maua. Ukoka unashika uso wa ardhi. Nyasi ya vetiva inakwenda mbali zaidi: mizizi yake huteremka wima mita mbili hadi tatu au zaidi, na ile inayopandwa kwa kazi hii haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo haigeuki magugu. Ikipandwa mistari mistari kukata mteremko, maji hupunguza kasi na tope hutuama nyuma ya mstari. Kasoro yake ni kwamba inahitaji muda na maji ili ishike, na muda ndio bidhaa adimu kuliko zote kwenye mradi.

Kwenye miradi ya barabara za serikali, gabioni na upandaji wa nyasi huwa na vifungu vyake katika mchanganuo wa gharama. Tatizo ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, zabuni inachukua miezi, na mkandarasi anapofungua tuta mvua iko mlangoni. Nyasi anazipanda mwisho, akijiandaa kukabidhi kazi, mara nyingi kiangazi kikali. Zikikauka, anarudia katika kipindi cha matazamio, ambacho bado anawajibika kurekebisha kasoro, au anasubiri mvua imfichie aibu.

Kwenye majengo hali ni mbaya zaidi. Ulinzi wa udongo unatupwa kwenye gharama za awali, pamoja na uzio, choo cha mafundi na bango la mradi, kwa bei moja ya jumla. Mshindani akitaka kushusha zabuni yake, hapo ndipo anapokata kwanza, kwa sababu hakuna atakayepima. Mkadiriaji majenzi angeuandikia kifungu chake, kwa mita za mfereji wa muda na mita za mraba za nyasi, ingekuwa kazi inayolipwa kama zege.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nyumba ya kawaida ya kuishi haifikiwi na tathmini hiyo, na mlimani mita 60 hazina maana yoyote. Marekani, tangu mwaka 2003, anayefungua ekari moja tu anatakiwa kuwa na kibali na mpango wa kuzuia tope. Kanuni hiyo imewapa soko wauzaji wa vitambaa vya kuchuja tope, na kazi wakaguzi wanaopita maeneo ya ujenzi mvua ikinyesha.

Kwetu gharama inashuka na maji. Mto Msimbazi unapokea tope kutoka miinuko ya magharibi hadi Jangwani, ambako mvua kubwa hufunga barabara na kusimamisha mabasi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na daraja jipya la Jangwani ni sehemu ya kazi hiyo. Huku chini wapo wanaochota mchanga ulioletwa na mito na kuwauzia wajenzi kwa lori, kwa hiyo mwenye nyumba wa Goba anaweza kabisa kuwa amenunua tena udongo wa jirani yake.

Na malighafi ya kinga nyingine ipo: Tanga wanavuna katani. Mkeka wa katani unaotandazwa kwenye mteremko unaweza kushika udongo msimu mmoja au miwili, nyasi zikiota chini yake, kisha ukaoza wenyewe. Kiwanda kitakachoufuma kitahitaji mnunuzi wa uhakika, na kwa jinsi mikataba ya ujenzi inavyoandikwa leo mnunuzi huyo hajapatikana.